Jeshi Linalokaa Matanga

Vijana wanaoleta simu zao kuchajiwa kwangu huniuliza kama nina mchezo wa kompyuta wa kuwawekea. Ninao mmoja tu, na kabla sijawapa naanza kwa kuutukana. Nawaambia ni mchezo mbovu. Farasi akiingia mtoni hasongi mbele wala harudi nyuma, anatikisa kichwa tu mpaka uzime mashine. Askari wakivamia ngome hupanda ngazi mmoja nyuma ya mwingine, na yule wa mbele akipigwa na bumbuwazi kule juu, wote waliobaki wanasimama wakisubiri mishale. Mfalme ana sentensi nne. Ukimshindia vita atakuambia mojawapo, ukimchomea ghala atakuambia hiyo hiyo. Kifaransa chake kimeandikwa na mtu ambaye nadhani alisoma akiwa nje ya dirisha la darasa. Kisha nawaambia: chukueni, hakuna mtamu kama huu, ila msiuanze mkiwa na chungu motoni.

Mimi niliunguza sombe, yale majani ya muhogo, mara nyingi kwa sababu yake. Unaanza ukiwa mtu peke yako, una farasi na upanga, katika nchi ya Wazungu wa zamani yenye ngome za mawe na wafalme wanaogombana. Unapita kijiji kwa kijiji ukiwaomba vijana wakufuate. Wakikufuata, wanataka kula, kwa hiyo unanunua unga mji huu, unauza chumvi mji ule, na njiani unakuta majambazi, na baada ya majambazi unaona kwa mbali kijiji kingine. Unajiambia, nifike pale tu, nizime. Ukifika unaona kingine. Nilipokuwa msichana wa shule ya masista nilisoma habari za enzi hizo za mabwana na ngome, nikazisahau zote siku ya mtihani. Mchezo ule ulinirudishia kwa nguvu, na mimi ni mwanamke wa miaka karibu arobaini mwenye mapacha, watu wote wa mtaa wananiita Mama Mapasa.

Nyumba yangu ya chaji iko Kasongo, si mbali na soko. Ni chumba kimoja, paneli za sola ziko juu ya bati, na ndani kuna meza ndefu iliyojaa nyaya, simu, tochi na redio za watu. Kompyuta niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, ili niwajazie wateja nyimbo na filamu kwenye kadi za simu. Mchezo ulikuwa umo ndani tayari, umeachwa na mwenyewe wa kwanza, kama watu wanavyohama nyumba wakaacha paka. Ninaweza kucheza mchana tu, jua likiwa kichwani na betri zimeshiba. Jioni betri ni za wateja.

Mume wangu alirudi kutoka Salamabila mvua zilipokuwa zinakwisha. Alikuwa huko kwenye dhahabu ya Kabambare miaka kadhaa, akija nyumbani na kuondoka, na kila akija alikuwa na kitu mkononi, sabuni, kitenge, hata kuku aliyemnunua njiani. Safari hii mkono ulikuwa mtupu na viatu havikuwa vyake. Watu wa pikipiki walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba watu wenye bunduki wamepita machimboni na kila mtu amekimbilia msituni kivyake. Nilikuwa nimelia peke yangu chumbani, nikanawa uso, nikaendelea na kazi. Nilipomwona anaingia uani nilishukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Yeye alisema neno moja tu.

"Shimo lilianguka."

"Na wenzako?"

Alikwenda kuoga, na kutoka siku ile hakulitaja shimo tena. Alikula nilichompa, akawasaidia mapacha kuteka maji, akakaa chini ya ukuta wa nyumba ya chaji akitazama barabara. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa nausubiri mshindo huo kila siku nikiwa nimebana pumzi, na kwa tabia yangu ya kutovumilia nilikuwa nataka hata kuupasua mimi mwenyewe.

Jikoni kwetu, juu ya moto, kulikuwa na furushi la samaki waliokaushwa, limefungwa kwa kitambaa cha buluu na kamba ya mgomba. Lilitoka Nyangwe. Mmoja wa wenzake mume wangu wa shimoni, kijana mrefu mwenye kicheko cha ghafla, alikuwa mtoto wa huko mtoni. Mara ya kwanza anakwenda Salamabila alilala kwetu, akala kwangu, na tangu hapo mama yake alizoea kumtumia samaki kupitia kwa wachuuzi wanaokuja soko la Kasongo. Kila furushi lilipofika kwangu nilimpa dereva yeyote anayekwenda Salamabila. Hili la mwisho lilifika mume wangu akiwa amekwisha kurudi. Nilipotaka kulituma aliniambia, "Weka tu hapo juu. Ngoja." Nikaliweka. Nilidhani anangoja barabara itulie.

Kilichonitia hofu zaidi ni simu. Kule shimo lina mwenyewe, wanamwita pedeje, kama anavyoitwa mkubwa wa kampuni. Yeye ndiye anayewalisha wachimbaji tangu siku ya kwanza hadi dhahabu itoke, na hiyo inaweza kuchukua miezi. Hawaandikiani chochote. Mkataba wao ni ugali. Ukikaa ukala chakula cha pedeje, wewe ni mtu wa shimo lake, na kuondoka kabla shimo halijatoa kitu ni aibu itakayokufuata mpaka kwa wakwe zako. Wachimbaji wana neno lao: mkono ukiingia sahani, mguu umeingia shimo. Sasa pedeje wa mume wangu alikuwa amerudi machimboni, amefungua shimo jipya, na kila akifika penye mtandao alikuwa anapiga simu. Mume wangu alimsikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, tutaona. Mimi nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, asirudi kule. Ningeweza kumfunga kwa kamba ya mbuzi ningemfunga. Kwa kuwa siwezi, nilimpa mchezo.

"Baba Mapasa, kuja uone kitu," nilimwambia mchana mmoja.

"Ile mambo ya watoto?"

"Watoto gani? Hii njo mambo ya wakubwa. Kaa. Iko mubaya sana, utaona."

"Kama iko mubaya, unanipa ya nini?"

"Ju nimekosa mutu wa kuilalamikia."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi, nami nilijifanya sikusikia ili nisiiharibu. Nilimwonyesha jinsi ya kupanda farasi na jinsi ya kuongea na mzee wa kijiji, nikamwachia kiti.

Basi mtu yule alikuwa hodari. Mimi nilipoanza nilinunua upanga mzuri na kofia ya chuma, nikafa mapema. Yeye alinunua unga, chumvi, samaki wakavu na nyama, akawazungukia vijana wa vijiji akiwa na chakula mgongoni. "Mutu wa njaa hapigani," alisema. Aliliongoza jeshi lake kama timu ya shimo. Aliwatuma wachovu nyuma, wabichi aliwaweka katikati, na alikataa kabisa kuchoma vijiji, ingawa mchezo unakuruhusu na unakutajirisha haraka. Baada ya muda mfalme mmoja alimpa ngome ndogo yenye kijiji chake. Alinipigia kelele nikaacha mteja mlangoni nikaenda kutazama. Mapacha wakirudi shule walimkuta babao anagombana na farasi aliyekwama mtoni, nao wakakaa wakimfundisha matusi ya kumtukania.

Siku hizo nilikuwa na furaha, sitaficha. Simu ya pedeje ilikuwa inalia mezani katikati ya simu za wateja na mume wangu hakuinua kichwa. Nilijisifu moyoni. Dada yangu aliponiuliza kama bwana yangu bado ni mgonjwa wa kimya, nilimjibu kwamba nimempatia dawa na dawa yenyewe ni ya umeme.

Kisha akapigana vita vyake vikubwa vya kwanza. Majambazi wa msituni walimvamia kwenye kivuko, akawashinda, na kioo kikaandika kama kinavyoandika siku zote: waliojeruhiwa wangapi, waliokufa wangapi. Hapo chini kuna kitufe cha kuendelea. Hakukibonyeza.

"Hawa walikufa, wamewazika wapi?" aliniuliza.

"Nani?"

"Hawa. Imeandikwa wamekufa."

"Bonyeza pale, inapita."

"Inapita inaenda wapi?"

Nilidhani ananitania, nikamwambia inaenda kwenye vita vingine, nikarudi kwenye simu zangu. Nilipogeuka tena niliona ameliweka jeshi kando ya mto na kupiga kambi. Kazi ya kambi katika mchezo ni kuwapa majeruhi nafasi ya kupona, na hakuna anayekaa muda mrefu, kwa sababu watu wanakula huku hawaingizi kitu. Yeye alikunja mikono akalitazama jua dogo la mchezo likipanda na kushuka juu ya hema zake, mara tatu. Ndipo akaondoka.

Alifanya hivyo baada ya kila vita. Hata akifa mtu mmoja tu, mkulima aliyeokotwa jana akiwa na uma wa kugeuzia nyasi, jeshi zima lilikaa. Nilimweleza kwa upole kwanza, maana nilidhani hajaelewa mchezo. Alinijibu kwa upole pia kwamba mtu hatoki kwenye kilio kabla uwanja haujafagiwa. Ndivyo tulivyo sisi: mtu akifa watu wanalala nje kwa wafiwa, juu ya mikeka, magogo yanawaka, na hakuna wa karibu anayekwenda shambani wala sokoni mpaka siku ya kufagia uwanja na kuanua matanga. Lakini huo ni utaratibu wa watu wenye damu. Wale walikuwa picha.

Mambo yakaharibika upesi. Unga ulikwisha akiwa kambini. Askari wakaanza kutoroka. Mfalme akamwita vitani, sentensi ya kwanza, hakwenda. Akamwita tena, akawa anakaa matanga ya watu wawili. Mfalme akamnyang'anya kijiji, halafu ngome. Mchana huo nilikuwa nimesimama nyuma yake, nina waya wa chaji mkononi, na hasira ikanipanda kama maziwa motoni. Nilikuwa nimeipenda ile ngome. Nilikuwa pia nimesikia simu inalia asubuhi na nimemwona anaipokea.

"Weye uko na akili kweli?" nilimwambia. "Jeshi nzima inalala! Unga imekwisha!"

"Iko ku kilio."

"Kilio ya nani? Hawa watu hawana hata mama!"

Alisema bila kugeuka, "Ule wa Nyangwe iko na mama."

Sikuuliza ni yupi wa Nyangwe. Nilitazama mlango wa jikoni, na pale kwenye moshi furushi la buluu lilikuwa linaning'inia kama lilivyoning'inia siku zote.

Ndipo akasema yote, macho yake yakiwa bado kwenye zile hema. Walikuwa chini wote. Taa zao za kichwani zilikuwa zimefifia, na yeye ndiye aliyepanda juu kufuata betri, kwa sababu mke wake ni mtu wa chaji na wenzake walikuwa wakimtania kwamba hiyo ni kazi ya ukoo. Alipofika juu alisikia ardhi inashuka. Alisema haikupiga kelele kubwa. Walianza kuchimba kwa mikono na masururu, yeye na watu wa mashimo ya jirani, na kesho yake asubuhi, kabla hawajafika popote, watu wenye bunduki wakaja na kila mtu akakimbia. Hakuna aliyezikwa. Hakuna aliyeliliwa. Machimboni watu huacha majina yao nyumbani, huyu anaitwa kwa kofia yake, yule kwa kikohozi chake. Angetaka kupeleka habari kwao angeuliza nyumba ya nani? Kijana wa Nyangwe peke yake ndiye aliyemjua kwao, kwa sababu alikula kwetu.

"Miye peke yangu njo najua," alisema. "Kule ku Nyangwe mama anakausha samaki, anajua mutoto wake iko anakula."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimeuona mzigo wake kila mchana kwenye kioo, hema kwa hema, na nikauita ujinga. Nilimshika kichwa nikakilaza tumboni kwangu, na mteja aliyekuja kuchukua redio yake alituona hivyo akarudi barabarani kungoja.

Habari ya kifo haitumwi kwa simu. Mtu huipeleka kwa miguu yake, anaingia uani, na hapokei maji wala kiti mpaka ameisema. Na aliyekuwa na marehemu lazima akae matanga yote, wamwulize watakavyo. Mume wangu alijua hayo na ndiyo yaliyomtisha, kwa kuwa mtu aliyetoka hai kwenye shimo ambamo wenzake wamekufa ana swali moja linalomngoja. Nilimwambia tutakwenda wawili. Sitajidai kwamba nilikwenda kwa ajili ya yule mama peke yake. Niliwaza kwamba akiyatoa hayo kifuani, Salamabila itakuwa imekwisha. Mapacha niliwapeleka kwa dada yangu, nikaizima kompyuta mchezo ukiwa umehifadhiwa, jeshi lake dogo lililobaki likiwa kando ya mto.

Tulikwenda kwa pikipiki, dereva mbele, mume wangu katikati, mimi nyuma na furushi la samaki mapajani. Nilikuwa nimelibeba kwa sababu chakula cha marehemu hakikai nyumbani kwa mtu mwingine, lazima kirudi kwao. Nilikuwa nimefikiri kila kitu ila macho ya mama. Tulipoingia uani mama yule alikuwa amechuchumaa mbele ya uchanja wa samaki, akainua uso akitabasamu kwa wageni, na kabla mume wangu hajafungua kinywa aliona kitambaa chake cha buluu mkononi mwangu, kimefungwa bado kwa fundo lake mwenyewe.

Hakuna aliyemwambia. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa mikono. Alisema, "Hakula?" Kisha akakaa chini palepale kwenye magamba ya samaki, akaanza kulia, na majirani wakaja mbio kutoka pande zote. Mume wangu alisema maneno yake baadaye, amesimama, huku wanawake wamemshika mama. Nilitaka ardhi inimeze.

Tulikaa. Watu wa mtoni walivuta mitumbwi yao juu, Wakristo na Waislamu wakaja, kila mmoja akaomba kwa namna ya kwao, na wanawake tulipika ugali wa kulisha umati. Kila aliyefika alitaka kusikia, na mume wangu alisimulia upya kila mara. Mimi nilikuwa kwenye masufuria, nikimsikia sauti inakauka na kurudi. Siku ya pili mjomba wa marehemu, kaka yake mama, mtu mfupi mwenye macho mekundu, aliuliza lile swali.

"Na weye ulitoka namna gani?"

Mume wangu akasema, "Nilipanda kutafuta betri, muzee. Taa zilikuwa zinakufa."

"Nani alikutuma?"

"Yeye njo alinituma. Alisema, wende weye, muke wako iko mutu wa moto ya umeme."

Mama wa marehemu aliyekuwa ndani alisikia. Alicheka, kicheko kifupi cha ghafla ambacho nilikuwa nimekisikia kwenye meza yangu kwa mwanawe, kisha akalia. "Njo maneno yake," alisema. "Muache huyu. Njo maneno yake kabisa." Mjomba akatazama chini, na hakumwuliza tena.

Nilidhani tumevuka. Asubuhi ya kufagia nilikuwa wa kwanza kushika ufagio. Mjomba akanizuia. Alisema uwanja huu haufagiwi, kwa sababu hakuna aliyezikwa. Mwili usipopatikana, sisi huzika kigogo cha mgomba, kwa heshima zote, lakini kigogo lazima kizikwe pamoja na udongo wa mahali mtu alipolala, la sivyo ni mgomba tu. Shimo lile nani analijua? Hakumtaja mtu. Watu wote walimtazama mume wangu, naye alikuwa amekwisha kuitikia kwa kichwa.

Sikuweza kujizuia. Katikati ya matanga ya watu, mimi mgeni, nilisema kwa sauti, "Baba Mapasa harudi kule. Hapana. Tafuteni mutu mwingine."

Mama yule alikuja akanishika mkono ule ule uliobeba samaki. Mkono wake ulikuwa mgumu, unanuka moshi. "Mama Mapasa," alisema, "miye sikuombi bwana yako. Nakuomba udongo."

Niliurudisha ufagio ukutani.

Alimpa mume wangu kile kitambaa cha buluu, kimefuliwa, cha kuletea udongo. Watu walirudi makwao kwa muda, magogo yakaachwa yanafuka, na uwanja ukabaki na majani, majivu na maganda ya muhogo, haujafagiwa. Mpaka leo haujafagiwa.

Tulirudi Kasongo kumwandaa mume wangu. Nilipika wali mwingi, nikaufunga kwenye majani, nikaongeza muhogo uliochomwa, karanga na samaki wa Nyangwe, maana mama alikuwa amenigawia. Nilimwambia neno moja na kulirudia mpaka akakasirika.

"Usikule kwa pedeje. Hata akikuita, hata wakicheka. Kula yako."

"Nimesikia."

"Hata maharagwe kidogo."

"Mama Mapasa, nimesikia. Ninaenda kuchukua udongo, nakamata njia, narudi."

Aliondoka na dereva anayejua njia ya Kabambare. Huko shimoni hakuna mtandao. Madereva wanaorudi wanasema barabara imeharibika kwenye madaraja, wengine wanasema wamemwona, wengine kwamba waliyemwona ni mtu mwingine mwenye kitambaa cha buluu. Mmoja ameniambia pedeje ana shimo zuri sasa na anatafuta watu wanaojua kazi. Nilimrudishia simu yake ikiwa nusu chaji, nikamwambia aende.

Vijana wanaendelea kuniuliza mchezo. Nawaambia ni mbovu kama kawaida, halafu nawaambia wangoje, una mtu. Mchana jua likiwa kichwani nawasha kompyuta. Jeshi la mume wangu liko pale kando ya mto, watu wachache, hema chache. Ningeweza kuanza mchezo wangu mwenyewe. Badala yake natuma mtu kijiji cha karibu kununua unga, nawagawia, kisha nabonyeza kambi, nakaa nikitazama jua dogo linapanda na kushuka juu yao. Mfalme ameniita vitani mara kadhaa kwa sentensi yake ya kwanza. Siendi.

Hakuna hata mmoja aliyetoroka tangu niwashike mimi. Unga wao ukipungua, nanunua mwingine. Wali niliomfungia yeye, kwa hesabu yangu, umekwisha tangu juzi, hata nikisema anakula kidogo kidogo, hata nikisema amenyimwa usingizi na njaa ikampotea. Leo atakuwa amekula kwa mtu.